SOMO LA FAMILIA: JE, MBUZI MDOGO ANATUFAA?

Maandiko ya kusoma nyumbani: Luka 14:28-30, Kutoka 22:5, Mithali 27:23-27, Mwanzo 33:13-14



Familia kadhaa zilizoweka akiba kidogo zimetuuliza: Je, tununue mbuzi? Na kama ni ndiyo, tuchukue mdogo wa kienyeji au yule mkubwa anayesifiwa sokoni? Swali hili si dogo. Wengi wetu tuliacha mifugo kule Kivu, na fedha tuliyo nayo leo ikipotea hatuna nyingine. Tujifunze pamoja.

1. TUHESABU GHARAMA KWANZA

Bwana Yesu alisema juu ya mtu anayetaka kujenga mnara: huketi kwanza na kuhesabu. Nasi tuketi.

Mbuzi jike wa kienyeji wa Afrika Mashariki, akikomaa, ana kilo 25 hadi 30 hivi. Mbuzi wa Boer, ambaye asili yake ni Afrika Kusini, jike lake likilishwa vizuri huweza kufika kilo 90. Mtu akisikia kilo hizo huona nyama. Tunaomba aone na mdomo pia.

Kila siku mbuzi huhitaji chakula kikavu cha karibu asilimia 3 hadi 4 ya uzito wake. Kwa mbuzi wa kilo 25 ni karibu kilo 1. Majani mabichi yana maji mengi, kwa hiyo utamkatia kama kilo 4 za majani mabichi. Yule mkubwa atataka mara tatu na zaidi. Kwenye kiwanja chenye nyumba, choo na mistari michache ya mahindi, majani hayo yatatoka wapi mwezi wa saba, wakati wa jua kali?

Kwa sababu hiyo, kwa anayeanza, mbuzi mdogo ndiye afadhali. Bei yake ni ndogo, amezoea hali ya hewa yetu, na akifa huzuni ipo lakini nyumba haianguki.

2. TUSIMTAZAMIE ASICHO NACHO

Mbuzi mdogo wa kienyeji hutoa maziwa kidogo, nusu lita kwa siku au chini ya hapo, na mtoto wake lazima anyonye. Anayetafuta maziwa ya kutosha nyumba nzima atavunjika moyo. Faida yake ni uzao na mbolea. Hubeba mimba miezi 5, na akitunzwa vema huweza kuzaa mara tatu katika miaka miwili, wakati mwingine mapacha.

Anza na majike wawili ukiweza, maana mbuzi peke yake hulia na kuhangaika. Usinunue beberu, patana na ndugu aliye naye. Beberu huyo asiwe wa Boer, kwa sababu mtoto anaweza kuwa mkubwa mno na kumwua mama wakati wa kuzaa. Tena asiwe baba wa majike hao.

3. TUMKUMBUKE JIRANI

Hapa tunasema kwa aibu. Tulipoanza kufuga, tulimfunga mbuzi wetu kwa kamba kuukuu kando ya njia, tukaenda ibadani. Tuliporudi, alikuwa amekata kamba na kumaliza maharagwe ya jirani yetu mwenyeji. Mama yule hakupiga kelele. Alituonyesha tu mistari mitupu. Tulilipa kwa maharagwe yetu ya mbegu, na msimu ule tulipanda kidogo.

Sheria ya Musa inasema wazi: mnyama wako akila shamba la mwingine, unalipa kwa kilicho bora cha shamba lako. Udogo wa mbuzi hauondoi deni. Tena sisi ni wageni. Shamba moja likiliwa, maneno huwafikia wakimbizi wote. Kabla ya kununua mbuzi, nunua kamba imara na jenga banda. Kama hakuna mtu wa kumchunga, mkatie majani umletee.

4. TUJUE HALI YA MIFUGO YETU

Mithali inatuagiza kuyajua makundi yetu. Sokoni, fanya hivi:

- Fungua kope ya chini ya jicho. Ndani iwe nyekundu. Ikiwa nyeupe, huenda minyoo imemnyonya damu.
- Tazama meno ya mbele ya chini. Mawili ya kati yakiwa makubwa, amepita mwaka mmoja hivi.
- Akitoka makamasi na machozi, akiwa na vidonda mdomoni na kuharisha, usimnunue. Huenda ni sotoka ya mbuzi na kondoo, ambayo humaliza zizi zima. Chanjo yake ipo. Muulize daktari wa mifugo.

Nyumbani, mgeni akae peke yake wiki tatu. Banda liwe na sakafu iliyoinuliwa, alale pakavu. Majani ya mihogo, yaani sombe, yaanikwe kwanza. Mabichi yanaweza kumwua kwa sumu.

5. TUENDE KWA MWENDO WA WATOTO

Yakobo alikataa kuyakimbiza makundi, akasema atakwenda polepole kwa mwendo wa mifugo na wa watoto. Nasi tusikimbizane na jirani aliyenunua.

Kama unayo majani ya kiangazi, kamba na banda, na mtu wa kumwangalia kila siku, mbuzi mdogo anakufaa. Kikikosekana kimoja, ngoja. Panda majani kwanza. Wala usikope fedha, wala usiuze chakula cha watoto ili upate mbuzi. Kungoja si kukosa imani. Ni kuhesabu, kama Bwana alivyofundisha.

MASWALI YA KUJADILI NYUMBANI

1. Nani atakata majani siku mama akiumwa?
2. Mbuzi akila shamba la mtu, tutalipa kwa nini?
3. Mtoto wa kwanza akizaliwa, tutamuuza, tutamfuga au tutampa mjane asiye na kitu?

Bwana abariki kazi ya mikono yenu. Amina.