Huduma zipi zibaki mikononi mwa umma?

Swali: Huduma zipi zitolewe na serikali, na zipi ziachiwe kampuni binafsi?

Jibu: Kipimo cha kwanza ni ushindani. Muuza mkate akipandisha bei, mnunuzi huvuka barabara akaenda duka jingine. Maji ya bomba hayana njia hiyo: ni gharama isiyo na maana kulaza mitandao miwili ya mabomba chini ya mtaa mmoja, hivyo mwenye mabomba hubaki peke yake sokoni. Kipimo cha pili ni madhara kwa wengine. Nyumba moja ikikosa maji safi, kipindupindu hakiishii mlangoni pake; ndiyo maana chanjo na usafi wa mji, kama vile ulinzi na mahakama, havifai kutegemea uwezo wa mteja kulipa.

Dar es Salaam iliyaona haya kwa vitendo. Mwaka 2003 uendeshaji wa maji ulikabidhiwa kampuni ya City Water kwa mkataba wa miaka 10. Mei 2005 serikali iliuvunja, ikisema kampuni haikutimiza masharti, na kazi ikapewa shirika la umma, DAWASCO. Nalo halikumaliza uhaba wa maji, na hilo lisifichwe: umiliki wa umma bila fedha na usimamizi mkali haufikishi maji bombani. Lakini waziri huulizwa bungeni, na kura humfikia.

Kampuni zichimbe mitaro, ziuze mita na matangi. Mabomba na upangaji wa bei vibaki vya umma.