SOMO KWA MAKATIBU: FENI ZA KOMPYUTA, KUZIUNGANISHA NA KUTAWALA MWENDO WAKE



Tangu mfumo wa stakabadhi ghalani uanze kutumika kwa korosho mkoani Mtwara katika msimu wa 2007/2008, kumbukumbu za chama cha msingi zimezidi kuwa nyingi. Leo nyingi zimo ndani ya kompyuta: majina ya wakulima, kilo zilizopimwa, makato na malipo. Mashine hiyo ikizimika siku ya kuandaa malipo, anayeumia ni mkulima aliyeketi barazani akingoja haki yake.

Hapa Lisekese, kama kwingineko Masasi na Newala, minada huanza mwezi Oktoba, wakati wa joto kali kabla ya mvua. Aidha, ofisi nyingi zimepakana na ghala, penye vumbi la magunia na unga wa salfa. Mara nyingi katibu husingizia umeme mashine inapozimika, kumbe feni imesimama. Prosesa nyingi za siku hizi, joto likikaribia nyuzi 100, hupunguza kasi ya kazi. Likizidi, mashine hujizima ili isiungue. Kazi ambayo haijahifadhiwa hupotea.

1. Kuzitambua feni

Feni ya kasha la kompyuta ya mezani kwa kawaida hutumia umeme wa volti 12. Tazama plagi yake:

(a) Yenye pini 3: ya kwanza ni ya kurudisha umeme, ya pili ni ya volti 12, ya tatu hupeleka habari za mwendo. Kila mzunguko mmoja feni hutoa ishara mbili, na kwa hizo mashine huhesabu mizunguko kwa dakika.

(b) Yenye pini 4: pini ya nne hupokea amri ya mwendo. Volti hubaki 12, lakini amri huja kwa kuwasha na kuzima kwa haraka mno, kiasi cha mara 25,000 kwa sekunde.

2. Kuunganisha

Zima mashine, chomoa waya wa umeme ukutani, kisha gusa chuma cha kasha ili kuondoa umeme tuli mwilini. Feni ya prosesa ichomekwe palipoandikwa CPU_FAN. Mashine nyingi hutoa onyo au hukataa kuwaka zisipopata habari za mwendo mahali hapo. Feni za kasha zichomekwe SYS_FAN au CHA_FAN. Plagi ya pini 3 huingia vizuri kwenye nafasi ya pini 4, kwa kuwa kijino cha plastiki huongoza, usilazimishe.

Nafasi moja kwa kawaida hustahimili ampea 1 tu. Soma kibandiko cha feni kabla ya kuunganisha feni mbili pamoja.

Upepo huingia upande ulio wazi wa feni na kutokea upande wenye mikono inayoshika mota. Feni ya mbele ivute hewa ndani, ya nyuma itoe nje. Penye vumbi, afadhali hewa inayoingia kupitia chujio izidi kidogo inayotoka, ili vumbi lisinyonywe kupitia nyufa.

3. Kutawala mwendo

Washa mashine na ubonyeze Delete au F2 ili kuingia BIOS. Kwa feni ya pini 4 chagua PWM; kwa ya pini 3 chagua DC, yaani mwendo utawaliwe kwa kupunguza volti. Ukichagua PWM kwa feni ya pini 3, itakimbia kwa nguvu zote wakati wote.

Kisha panga mwendo ufuate joto. Mpango ufaao kwa ofisi zetu ni huu: chini ya nyuzi 40, asilimia 50, nyuzi 60, asilimia 70, nyuzi 75 na kuendelea, asilimia 100. Msishushe feni ya pini 3 chini ya asilimia 50, maana volti zikipungua mno hushindwa kuanza kuzunguka. Makelele kidogo ni afadhali kuliko mashine iliyokufa.

4. Utunzaji

Safisheni feni kwa brashi laini kila mwezi, na kila wiki wakati wa msimu. Unapopuliza vumbi, shika mapanga yasizunguke. Salfa isiwekwe chumba kimoja na kompyuta: hula shaba na fedha ya viungo vya umeme, na unga wake hushika moto. Feni inayokwaruza ibadilishwe kabla ya mnada, kwa idhini ya Bodi, na stakabadhi ya ununuzi itunzwe kwenye jalada.

Feni haiondoi wajibu wa kuweka nakala ya kumbukumbu mahali pengine kila jioni.

Maswali ya kujadili chamani

1. Kompyuta ya chama chetu ina feni ngapi, na ni za pini ngapi?
2. Salfa yetu huhifadhiwa wapi?
3. Mashine ikizimika leo saa nane mchana, ni malipo ya wakulima wangapi yatakayokwama?