SOMO LETU: MAFUTA YA KARAFUU NA MAUMIVU YA MISHIPA YA FAHAMU

Mwanachama mwenzetu mmoja ana binti aliyeolewa Kitendaguro, katika manispaa ya Bukoba. Binti huyo ameandika kuomba chupa ya mafuta ya karafuu. Mavyaa wake halali usiku, nyayo zinamwaka moto. Na mchana huingiwa na ganzi hata ndara humvuka asijue. Binti amesikia kwamba karafuu ina antioksidanti inayoponya mishipa ya fahamu. Baba yake atuuliza: Je, apeleke? Tumeona jawabu lake latufaa sote.

1. Karafuu ina nini?

Sehemu kubwa ya mafuta ya karafuu, na ya makonyo pia, ni kitu kiitwacho yujenoli. Nacho kina kazi mbili, wala tusizichanganye.

Kwanza, hutia ganzi. Mishipa ya fahamu hupeleka habari ya maumivu kwenye ubongo kwa chembe za sodiamu zipitazo katika vijilango vidogo mno. Yujenoli huviziba vijilango hivyo kwa muda. Ndiyo maana jino liumalo hutulia likitiwa karafuu, na madaktari wa meno huchanganya yujenoli na oksidi ya zinki kuziba jino kwa muda. Mwaka 2006 watafiti wa Kuwait waliwapaka watu wazima rojo la karafuu kinywani kabla ya kuwachoma sindano, wakaona lapunguza maumivu sawa na dawa ya ganzi ya benzokaini. Lakini ganzi haiponyi jino bovu.

Pili, huzuia uharibifu unaofanana na kutu. Chuma hula kutu, na samli ikikaa sana huchacha. Mwilini nako mna uharibifu wa namna hiyo. Kitu kinachouzuia ndicho kiitwacho antioksidanti.

2. Kwa nini nyayo zinawaka?

Mara nyingi sababu ni kisukari. Sukari ikizidi katika damu kwa miaka, huharibu mishipa ya fahamu pamoja na mishipa midogo ya damu inayoilisha. Iliyo mirefu huanza kuumia, na hiyo ndiyo ya miguuni. Sababu nyingine ni upungufu wa vitamini B12, pombe, virusi vya UKIMWI, na baadhi ya dawa, kama isoniazidi ya kifua kikuu.

Katika uharibifu wa kisukari mna ile "kutu" pia, ndipo watu wakaitumainia karafuu. Panya waliopewa yujenoli walipungukiwa na maumivu. Lakini panya si mtu, na haijathibitishwa kwamba kunywa mafuta ya karafuu huponya mishipa ya binadamu. Kupigana na kutu huku sukari ikipanda ni kukumba maji chomboni na tundu li wazi.

Mmea uliokwisha kupata kibali ni pilipili. Mwaka 2020 Marekani iliruhusu bandeji yenye asilimia 8 ya kapsaisini, ukali wa pilipili, kwa maumivu ya miguu ya kisukari. Hiyo hubandikwa na waganga wa hospitali. Si pilipili ya jikoni.

3. Hatari yake

Mafuta makali ya karafuu huunguza ngozi na fizi. Mguu wenye ganzi hauhisi kuungua; kidonda huanza, mwisho wake mguu hukatwa. Mtoto akiyanywa, hata kidogo, ini lake laweza kuharibika.

4. Jawabu letu

Sisi twauza karafuu, na bidhaa yetu ikisifiwa twafurahi. Lakini sifa isiyo ya kweli humdhuru mnunuzi. Basi mzee wetu asipeleke chupa, apeleke nauli. Mavyaa wa binti aende hospitali mjini Bukoba, apimwe sukari, akaguliwe nyayo. Daktari anavyo vidonge vya maumivu ya namna hii, kama amitriptilini. Nyumbani, nyayo zitazamwe kila jioni, wala asitembee pekupeku.

Maswali ya kujipima

1. Kutia ganzi na kuponya vina tofauti gani?
2. Kwa nini maumivu ya kisukari huanzia miguuni?
3. Jirani yako ataka kumnywesha mtoto mafuta ya karafuu. Utamwambia nini?