SOMO LA HISTORIA: MELI KHEDIVE ISMAIL NA ASKARI WETU WA MIZINGA

Watu wengi wa Busia na Malaba hawajaiona bahari. Lakini reli itokayo Kampala hupita Malaba kwenda Mombasa, na wakati wa Vita Kuu ya Pili vijana wengi waliifuata njia hiyo hadi pwani. Yafaa basi tujue habari za meli iliyowachukua baadhi ya askari wa Afrika ya Mashariki wasirudi.

Meli hiyo iliundwa Greenock, Scotland, mwaka 1922, ikaitwa Aconcagua. Ilichukua abiria kati ya Chile na New York. Mwaka 1935 ilinunuliwa na kampuni ya meli ya Misri, ikapewa jina la Khedive Ismail, aliyekuwa mtawala wa nchi hiyo. Mwaka 1940 ilianza kuchukua askari wa vita.

Mapema Februari 1944 iling'oa nanga Mombasa pamoja na meli nyingine nne za askari, zikilindwa na manowari, kwenda Ceylon, ambayo sasa huitwa Sri Lanka. Ndani yake walikuwamo watu 1,511. Kati yao 996 walikuwa wa Kikosi cha 301 cha Mizinga cha Afrika ya Mashariki. Tena walikuwako wauguzi wanawake.

Tarehe 12 Februari, karibu na visiwa vya Maldives, nyambizi ya Kijapani, yaani manowari ipitayo chini ya maji, iliipiga kwa makombora mawili. Watu wengi walikuwa ndani wakitazama tamasha. Meli ilizama kwa dakika chache tu.

Nyambizi ikajificha chini ya mahali walipokuwa wakiogelea walionusurika. Nahodha wa manowari Petard alikuwa na shauri gumu: akiiacha, itazizamisha meli nyingine, akiipiga, atawaua watu wake. Akatupa mabomu majini. Nyambizi iliibuka, na baadaye ikazamishwa.

Waliookoka ni wanaume 208 na wanawake 6. Waliokufa ni 1,297.

Aliyefia baharini hana kaburi la kupaliliwa. Majina ya askari hao wa Afrika ya Mashariki yameandikwa katika ukumbusho ulio kwenye Makaburi ya Vita, Nairobi. Mwenye ndugu aliyepotea katika safari ile aweza kwenda kulisoma jina lake huko.