DARSA: BEI ILIYO WAZI NA BEI ILIYOFICHWA

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake. Ama baad: darsa yetu ya leo ni juu ya jambo ambalo wengi hulidharau, nalo ni kumtajia mnunuzi bei moja, kisha kumdai nyingine alipokwisha kulipa.

Sababu ya kuliandika ni haya yaliyonipata mimi mwenyewe. Mwaka uliopita nilikuwa Kitale nikisomesha, tukafanya karamu ya kuisaidia madrasa. Tulichapisha tikiti za shilingi 150. Siku ya karamu, mmoja katika kamati alisimama mlangoni akidai shilingi 50 zaidi kwa kila mtu, akaziita "za mahema na viti". Akaja mama mmoja mjane kutoka Kipsongo, kwa miguu, na wanawe wawili. Alikuwa na tikiti tatu, wala hana hata senti nyingine. Wakarudishwa wote watatu. Nami nilikuwa ndani, nimeketi mbele pamoja na wakubwa.

Kesho yake alinijia akaniambia: "Shekhe wangu, mimi silalamiki kwamba ilikuwa ghali. Nilikuwa na shilingi 450. Lau ningeambiwa 200 tangu mwanzo, ningalinunua mbili, nikaja na mtoto mmoja, na mwenziwe nikamwacha kwa nyanya yake."

Enyi ndugu zangu, yatieni maneno haya katika mizani. Mama huyu hakudhulumiwa fedha tu. Alinyang'anywa haki yake ya kujipimia. Na hiyo ndiyo siri ya hukumu tutakayoieleza.

Mwenye kununua tikiti ya karamu, au ya mchezo, au ya basi, hanunui ile karatasi. Ananunua manfaa: kiti au safari. Mapatano ya namna hii wanazuoni wetu wa madhehebu ya Shafi huyaita ijara, na katika sharti zake ni kwamba ujira ujulikane wakati wa kupatana. Usipojulikana, mapatano yameingia gharari, yaani kitu kisichojulikana mwisho wake, na Mtume (s.a.w.) ameikataza biashara ya gharari, kama ilivyo katika Sahihi ya Muslim. Na ukijulikana, kisha upande mmoja ukaongeza peke yake, ile ziada haina msingi.

Pengine mtu atasema: "Lakini waliolipa mlangoni wameridhia." Twamjibu: Mwenyezi Mungu katika Suratin Nisaa ametukataza kulana mali kwa batili, isipokuwa iwe biashara ya kuridhiana. Je, aliyekwisha kulipa, akatembea kutoka mbali, na watoto wamemshika nguo, ameridhia au amebanwa? Na Hakim bin Hizam amepokea kwamba wauzianao wakisema kweli na wakabainisha, hubarikiwa. Na wakificha na kusema uongo, baraka ya biashara yao hufutwa. Tazama, hakutosheka na kusema kweli tu, bali alitaja na kubainisha. Tikiti yetu haikuwa na uongo ndani yake, lakini iliificha shilingi 50.

Mwengine atasema: "Mtume alikataa kupanga bei, basi kila mtu na auze apendavyo." Ni kweli, bei zilipopanda Madina aliombwa azipange, akakataa. Lakini kupanga bei ni jambo moja, na kuidhihirisha ni jambo jingine. Yeye yule ambaye hakupanga bei alitia mkono wake katika lundo la nafaka sokoni, akakuta umajimaji chini, akamkemea mwenyewe kwa kutouweka juu watu wauone. Uza kwa 200 au kwa 2,000, lakini sema.

Na sheria za nchi zimefika hapo hapo. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 46, imempa mnunuzi haki ya kupewa habari zinazomhusu. Sheria ya Ushindani ya mwaka huo huo, kifungu cha 56, inakataza kumtoza mtu ada yoyote, kwa jina lolote lile, ambayo hakujulishwa kabla. Zingatieni maneno hayo "kwa jina lolote": yetu tuliiita mahema, wengine huiita huduma, au mzigo, au sikukuu. Uingereza imekataza ada za kuchipuka njiani tangu tarehe 6 Aprili 2025. Na Marekani, tangu tarehe 12 Mei 2025, wauza tikiti za michezo na tamasha wameamrishwa kuonyesha tangu mwanzo bei nzima pamoja na kila ada ya lazima. Je, haifai sisi tuone haya, kuwa watu wa sheria za dunia wametutangulia katika jambo tulilofundishwa sisi karne kumi na nne zilizopita?

Basi yatupasayo ni matatu. Kwanza, bei iandikwe kwenye tikiti nzima, kila kitu ndani yake. Pili, gharama iliyosahauliwa ni ya mwenye kuandaa, si ya mgeni. Tatu, aliyechukua ziada airudishe. Na toba ya haki ya mtu haitimii mpaka imrudie mwenyewe.

Sisi tulimrudishia mama yule shilingi zake 450, na waliolipa mlangoni tukawarudishia zao kwa kadiri tulivyowapata. Lakini karamu ile wanawe hawakuila, wala hatuna njia ya kuirudisha. Kwa hivyo usiseme, ewe ndugu yangu, "ni shilingi 50 tu."

Mwenyezi Mungu atujaalie katika wenye kubainisha, wala asitujaalie katika wenye kuficha. Amin.