Zimwi Awe na Nguvu Kiasi Gani?

Katika somo la fasihi simulizi tumefundishwa kwamba hadithi za mazimwi huonya na kuadilisha. Tukaandika hivyo daftarini, tukapata alama zetu, basi. Lakini kuna swali ambalo vitabu vya darasani hulipita mbio: yule zimwi ana nguvu kiasi gani, na ni nani aliyempimia? Nimeliandikia makala kwa sababu chama chetu kina mchezo wa mezani unaotudai jibu, na wanachama wamegawanyika makundi mawili.

Kwa wale wasioujua mchezo wenyewe, hebu nieleze kwa ufupi. Watu wanne au watano hukaa mezani, kila mmoja na mhusika wake: mwindaji, mganga, mhunzi, binti wa mzee wa kijiji. Mwingine huwa mwelekezi. Yeye ndiye msimulizi, na ndiye zimwi. Kila mhusika ana pointi za uhai zilizoandikwa karatasini. Ukitaka kumchoma zimwi mkuki husemi tu "nimemchoma". Unarusha dadu, na dadu ndiyo inayoamua. Pointi zako zikiisha, umekufa. Mchezo wa namna hii ulianza kuuzwa Marekani mwaka 1974 kwa jina la Dungeons & Dragons, kazi ya Gary Gygax na Dave Arneson. Sisi tumechukua utaratibu tu. Majoka ya Ulaya tumeyaacha huko huko, tukaweka irimu wa Wagikuyu, eimu wa Wakamba, linani wa Waluhya na Apul-Apul wa Wajaluo. Waithaka hii ina watoto wa kila kabila, kwa hivyo mazimwi hatupungukiwi.

Ugomvi ulianza pale kundi moja lilipobuni irimu ambaye akikukamata, umekwisha. Wanafunzi wa kidato cha kwanza waliokuja kujaribu mchezo walikufa wote kabla chai haijapoa, na wengi wao hawajarudi. "Ndivyo zimwi alivyo," wakasema waliombuni. "Ukikutana naye kweli utaomba urushe dadu tena?" Kundi la pili likajibu kwamba mchezo usio na mizani si mchezo, ni mauaji. Likatengeneza irimu wake, akapigwa na watoto watatu wenye fimbo hadi akakimbia. Sasa huyo naye ni zimwi au ni mbuzi?

Watu wa ukweli hupenda kutaja simba wa Tsavo, na mfano wao ni mzuri. Mwaka 1898, daraja la reli lilipokuwa likijengwa kwenye mto Tsavo, simba dume wawili waliwavamia wafanyakazi kwa miezi kadhaa. Maboma ya miiba hayakuwazuia. J. H. Patterson, aliyewaua wote wawili Desemba mwaka huo huo, baadaye alidai kwamba walikuwa wamewaua watu 135. Utafiti wa mifupa na manyoya yao uliochapishwa mwaka 2009 ulikadiria 35 hivi. Hata hao 35 wanatosha kabisa! Patterson mwenyewe ameeleza jinsi alivyotengeneza mtego wa vyuma, akaweka askari wenye bunduki ndani yake, nondo zikiwatenga na upande wa simba. Simba akaingia, mlango ukafunga. Askari wakafyatua risasi kwa umbali wa hatua chache tu na hawakumwua; risasi moja ikavunja chuma cha mlango, simba akatoka zake. Mwelekezi akisimulia hivyo mezani, ataambiwa amedanganya dadu. Ukweli haujali mizani hata kidogo.

Watu wa mizani nao wana hoja yao. Mwaka 2000, toleo la tatu la mchezo ule wa Marekani lilimpa kila zimwi namba. Zimwi wa namba nne, kwa mfano, amekusudiwa kuwatoa jasho wachezaji wanne waliofika ngazi ya nne, bila kuwamaliza. Mwelekezi huangalia namba akajua la kufanya. Lakini hesabu nayo ina vituko vyake. Katika toleo hilo paka wa nyumbani aliweza kumwua mwanakijiji wa kawaida! Kisa chenyewe ni kwamba kila ukucha uliompata mtu ulipunguza angalau pointi moja, na mwanakijiji alikuwa na pointi chache mno, nne au chini ya hapo. Wachezaji wa kule walicheka kwa miaka mingi.

Mimi nilipokisoma kisa hicho sikucheka sana, maana sisi paka wa namna hiyo tunaye tangu zamani. Ni Nunda, mla watu, katika hadithi ya Sultani Majnuni iliyotambwa Unguja, ambayo Edward Steere aliichapisha mwaka 1870. Nunda alikuwa paka wa sultani. Alianza na mifugo midogo, na kila watu walipoleta malalamiko sultani alisema paka ni wake na mali ni yake pia. Paka akaendelea kukua, mwisho akawala watu, hata wana wa sultani. Hapo ndipo mtoto aliyedharauliwa alipoondoka kwenda kumtafuta. Hakumpata siku ya kwanza. Alianza na mbwa, akamburura hadi kwa mama yake akidhani ndiye. Mama akamwambia siye. Akaendelea hivyo, akaja kuua punda milia, twiga, kifaru, hata ndovu, na kila mara jibu ni lile lile. Alipomfikia Nunda mwenyewe alimkuta amelala juu ya mlima. Yeye na watu wake wakafyatua bunduki kwa pamoja, kisha wakatoka mbio.

Angalia kazi ya msimulizi hapo. Nguvu za Nunda hazikupunguzwa ili mtoto ashinde. Ndiyo maana walikimbia hata baada ya kumpiga. Aliyepandishwa ngazi ni mtoto, mnyama mmoja baada ya mwingine. Nasi wasikilizaji tulipewa kipimo cha Nunda bila namba yoyote: ni mkubwa kuliko ndovu, kwa sababu hata ndovu siye.

Irimu wa mke wa mhunzi, hadithi ambayo nyanya zetu wengi hapa Dagoretti wanaijua, amepimwa kwa njia nyingine. Mhunzi yuko mbali, mkewe amejifungua, na irimu ndiye aliyejifanya mkunga. Anampikia chakula, kisha anakila mwenyewe mbele yake. Mama yule hana mkuki wala nguvu. Alicho nacho ni mbegu za mbarika zilizoanikwa uani, na njiwa anayezitaka. Njiwa akala, akapeleka habari, mhunzi akarudi na kujificha ndani ya nyumba na silaha zake. Kilichomponza irimu ni ulafi. Angemla mama siku ya kwanza hadithi ingeishia hapo, lakini yeye alitaka kula polepole na kumcheka.

Hapa ndipo ninapotofautiana na makundi yote mawili. Udhaifu wa zimwi usitolewe kwenye karatasi ya hesabu. Utoke katika tabia yake na mwili wake. Hilo ndilo ukweli pia. Mmoja wa simba wale wa Tsavo, ambao sasa wako katika makumbusho ya Field kule Chicago, alikuwa na chonge iliyovunjika na usaha kwenye mzizi wake. Watafiti kadhaa huhesabu jino hilo kuwa sababu mojawapo ya kumfanya awinde watu, ambao ni laini kuliko nyati. Na Liyongo wa pwani, ambaye hakuwa zimwi lakini hakuna silaha iliyomweza, aliuawa kwa sindano ya shaba kitovuni. Siri hiyo ilimtoka mdomoni mwake mwenyewe kwa kumwamini mwanawe.

Kwa hivyo napendekeza hivi kwa mchezo wetu. Irimu abaki na uwezo wa kuua kwa pigo moja. Watu wa ukweli wapewe haki yao. Lakini kabla ya kuandika pointi, mbunifu aandike irimu anakula nini, analala wapi, na ni kitu gani asichoweza kujizuia nacho. Kisha wachezaji wapate angalau nafasi tatu za kuyagundua hayo kabla hawajakutana naye: nyayo, mzee aliyenusurika, njiwa. Anayezipuuza zote tatu na kwenda na fimbo, dadu zimwamue.

Bado kuna kinywa cha pili cha irimu, kile cha kisogoni kinachofichwa na nywele. Katika hadithi, msichana humgundua kijana mtanashati wa ngomani anapomwona akikitumia kulia nzi. Mezani, mwelekezi akisema tu neno "nzi", kila mtu anashika mkuki. Mwenye njia ya kulificha hilo aje nayo mkutano ujao.