Mwili unavyojihami wakati wa upasuaji



Wengi hudhani kuwa mgonjwa akishapewa nusukaputi, mwili wake wote umelala. Sivyo. Kisu kinapokata ngozi, mishipa ya fahamu hupeleka habari kwenye ubongo, nao huamuru tezi zimwage homoni za kujihami.

Adrenalini huufanya moyo uende mbio na presha kupanda. Kotisoli, itokayo kwenye tezi mbili ndogo zilizokaa juu ya figo, hupandisha sukari katika damu ili mwili upate nguvu, na husaidia presha isishuke. Wakati huo huo insulini hupungua nguvu. Hivyo hata asiye na kisukari, sukari yake yaweza kupanda kwa siku chache. Kwa mwenye kisukari ni hatari zaidi, kwani sukari ikizidi kidonda huchelewa kupona na huweza kutunga usaha. Basi wewe unayekwenda kumzuru mgonjwa, kabla hujampa soda uliyombebea, muulize muuguzi.

Lipo jambo kubwa zaidi. Wapo wanaotumia vidonge vya prednisoloni kwa miezi mingi kwa ajili ya pumu au maradhi ya viungo. Dawa hii hufanya kazi kama kotisoli. Mwili ukizoea kuletewa, zile tezi hulegea, hazitengenezi tena ya kutosha. Siku ya upasuaji mwili unaidai, nayo haipo. Presha huporomoka, na mgonjwa anaweza kufariki. Lakini daktari akijua mapema, humpa haidrokotisoni kwa sindano, na hatari hiyo huepukwa.

Kwa hiyo zingatia haya:

1. Mtajie daktari dawa zote unazotumia, na ubebe pakiti zake. Mama, usione haya kutaja krimu ya kujichubua. Nyingi zina dawa za jamii hiyo hiyo, na hupenya ngozini hadi kwenye damu.

2. Usiache prednisoloni ghafla kwa uamuzi wako, hata kama upasuaji umekaribia.

3. Mwenye kisukari aulize ni dawa ipi ameze asubuhi ya upasuaji na ipi aiache.

Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Na mwenye kuficha dawa anazotumia ni vivyo hivyo.

Wabillahi tawfiq.